Mubirizi unalinda maini kweli? Mteja wangu ana hepatiti B

Mama_Majani (Kadutu)

Salamu kwenu wote. Miye nauzisha dawa za miti kwenye soko la Kadutu, meza niliachiwa na mama mkwe. Watu wa Bukavu mnajua vitu vyangu: muravumba kwa kikohozi, mubirizi, lile jani chungu, kwa minyoo na tumbo, tangawizi, na majani mengine ambayo Bashi wanayaita kwa majina yao. Zamani mubirizi ulikuwa unatoka polepole tu. Anakuja mama ambaye mtoto wake ana minyoo, anakuja muzee ambaye chakula hakishuki, basi. Lakini tangu ile sauti ya WhatsApp ianze kuzunguka, ile inayosema mubirizi unaosha maini na kwamba wanasayansi wamethibitisha, wanakuja hata wenye kuvaa tai. Wanataka mfuko mzima. Sisemi kwamba inanichukiza, ada ya shule ya watoto inatoka kwenye meza ile ile.

Kinachonisumbua ni kijana mmoja, motari, anayebeba watu kwa moto (pikipiki). Alinionyesha karatasi ya labo: hepatiti B, ule ugonjwa wa maini, na transaminazi, kipimo cha ini kwenye damu, zimepanda. Hospitali walimwandikia tenofoviri, kidonge kimoja kila siku, na alipouliza mwisho ni lini hawakumpa tarehe. Sasa anataka kuacha kidonge, anunue mubirizi wa miezi mitatu, kisha arudi kupimwa. Akaniangalia machoni: "Mama, unanihakikishia?" Nikamwambia aendelee na kidonge kwanza, anipe muda niulize wanaojua.

Njo nauliza. Mubirizi unalinda maini kweli? Kama ni kweli, unayalinda na nini? Na huyu kijana nimwambie nini? Wale wa "dawa za kienyeji ni ushetani" mniache, na wale wa "jani linaponya kila kitu" pia mniache. Natafuta mtu wa kunieleza.

Bagira_Damu

Mama, unauliza nini tena? Baba yangu mdogo macho yaligeuka manjano, mkojo mweusi, nguvu zote zimekwisha. Shangazi akamchemshia mubirizi, asubuhi na jioni. Haukupita mwezi, akarudi kazini. Hospitali wangemla pesa zote. Uzisha mama, usiogope!

Labo_Mustaafu (Nguba)

Mama Majani, umefanya vizuri kumwambia aendelee na kidonge. Niko pensheni sasa, lakini maisha yangu ya kazi yalipita ndani ya maabara za mji huu, na karatasi kama ile aliyokuonyesha nimezisaini nyingi. Vumilia nikujibu kwa urefu, kwa sababu swali lako la kati, "unayalinda na nini", ndilo ambalo watu huwa hawaulizi.

Ile sauti haikusema uongo mtupu, na hapo ndipo inapokuwa ngumu kuipinga. Majaribio yapo. Mwaka 2006 watafiti wa Nijeria walichapisha kazi yao: waliwanywesha panya maji ya majani ya mubirizi, halafu wakawapa parasetamoli nyingi ya kuumiza ini. Panya waliotangulia kunywa jani waliumia kidogo kuliko wale waliopata parasetamoli peke yake. Wengine wamejaribu hivyo hivyo kwa karboni tetrakloridi, kemikali ambayo zamani ilitumika kusafishia nguo bila maji na ndani ya vizimamoto. Ile inaua seli za ini kwa uhakika, kwa hiyo maabara zinaipenda kwa kazi hii. Na huko pia jani lilisaidia.

Kwa nini parasetamoli? Ini linapoivunja, sehemu kubwa inatoka na mkojo bila matatizo. Sehemu ndogo inageuka kuwa sumu, na ini lina kitu chake cha kuifunga sumu hiyo, kinaitwa glutathioni. Ukimeza kwa kipimo, glutathioni inatosha. Ukizidisha inaisha, na sumu inageukia seli zenyewe. Mtu mzima mwenye afya asipite gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mnywaji wa pombe na mwenye ini bovu, chini ya hapo. Nasema hivi kwa makusudi maana hapa mjini mtu anameza parasetamoli ya farmasi, juu yake anameza dawa ya mafua ambayo nayo ina parasetamoli ndani, na hajui. Aliyezidisha hospitali inampa asetilisisteini, inayolisaidia ini kutengeneza glutathioni mpya, na inasaidia zaidi ikianza ndani ya saa 8. Mubirizi nao una vitu vinavyopunguza uharibifu wa aina hiyo ndani ya seli. Kwa hiyo matokeo ya wale panya yananiingia akilini kabisa.

Na si mubirizi tu. Huko Ulaya kuna mmea wa miiba, Silybum marianum. Dawa inayotokana na mbegu zake madaktari wanaiweka kwenye mshipa wa mtu aliyekula uyoga wa sumu unaoitwa Amanita phalloides, kwa sababu inazuia sumu ya uyoga kuingia kwenye seli za ini. Kwa hiyo anayekwambia hakuna mmea wa kulinda ini, huyo hajasoma.

Sasa angalia mpangilio wa kazi ya wale panya, mama. Jani lilitangulia, sumu ikafuata. Tena sumu yenyewe ni kitu kinachoingia, kinaumiza, kisha kinatoka. Kijana wako hana sumu, ana kirusi, na kirusi kimeshaingia. Hepatiti B inaweka mbegu yake ndani ya kiini cha seli ya ini na kukaa hapo. Wala si kirusi chenyewe kinachoharibu sana. Ni askari wa mwili wanaoshambulia seli zilizoingiliwa, mwaka baada ya mwaka, hadi ini linajaa makovu. Hiyo ndiyo siroze, na nyuma yake kansa. Tenofoviri haiing'oi ile mbegu, inakizuia kirusi kisijizalishe. Ndiyo sababu hospitali hawakumpa tarehe ya mwisho. Labda walikuwa na foleni ndefu mlangoni, lakini hilo walipaswa kumweleza.

Akiacha kidonge ghafla, kirusi kinaweza kurudi kwa kishindo, askari nao wanashambulia kwa pamoja, na mtu anaweza kufa kwa ini kushindwa kazi. Hapo mubirizi hauna la kufanya.

Neno kuhusu transaminazi, maana huo ndio mtego wenyewe. Ni vimeng'enya vinavyokaa ndani ya seli. Seli ikipasuka vinamwagika kwenye damu, na sisi tunavipima. Kwa mwenye hepatiti B vinapanda na kushuka vyenyewe, bila dawa yoyote. Motari wako akinywa jani miezi mitatu, akapima, akakuta vimeshuka, atakuja kukushukuru na kuku mkononi, na kirusi kiko palepale kwa mamilioni. Mwenye siroze ya mwisho anaweza kuwa navyo karibu na kawaida, kwa kuwa hata seli za kupasuka zimebaki chache. Kipimo cha kumwambia ukweli ni kile cha kuhesabu kirusi kwenye damu, pamoja na ekografi, picha ya ndani ya tumbo.

Kaka wa Bagira, namtakia baba yako mdogo maisha marefu. Lakini je, alipimwa hepatiti gani? Kama ilikuwa A, ile ya maji na chakula kichafu, kwa kawaida inaondoka yenyewe ndani ya wiki chache, anywe mubirizi au anywe chai.

Bagira_Damu

Hakupimwa. Lakini mubirizi alikunywa.

Koko_Walungu

Wanangu, miye namsomesha mjukuu ninachosema, yeye anaandika. Kwetu mubirizi uko kwenye lugo, uzio wa kila nyumba, na miye nimeutoa tangu sijaolewa. Nina la kusema kuhusu kipimo, kwa sababu nyinyi wa mjini mnaharibu.

Mubirizi wa minyoo au wa tumbo unanywewa siku tatu. Siku ya nne unaacha, mgonjwa anakula. Majani machanga, si yale makubwa yaliyozeeka. Mama mwenye mimba hatumpi. Mtoto wa kunyonya hatumpi. Kunywa miezi mitatu mfululizo, nani aliwafundisha? Mama yangu alikuwa anajulikana mpaka Nyangezi kwa dawa zake, na hakumpa mtu yeyote mubirizi miezi mitatu.

Tena kuna jambo la unga. Jani bichi nalijua kwa macho na kwa ulimi. Unga wa kijani kwenye mfuko wa plastiki, miye siwezi kukwambia ni nini. Mwenye kuchuma akikosa mubirizi anajaza na jani lingine. Mama Majani, wewe unachuma mwenyewe au unaletewa?

Mama_Majani (Kadutu)

Koko, shikamoo. Mwingi naletewa kutoka Kabare, mbichi, naukausha mwenyewe kwenye paa. Lakini siku hizi juu ya haraka ya wateja kuna anayeniletea unga tayari. Nimesikia neno lako.

Muzee wa Labo, asante, umenifungua. Lakini usinikimbie, nina maswali. Wakameruni wanakula ndole, na ndole ni mubirizi huo huo, wanakula sahani nzima na karanga na nyama. Sasa miezi mitatu itadhuru vipi? Pili, nyinyi wa hospitali mnasema "kidonge kila siku", lakini motari analipa kila mwezi kutoka mfukoni. Jirani yake mwenye virusi vya ukimwi anapata dawa bure, na ndani ya dawa hiyo hiyo tenofoviri imo. Hilo mumweleze vipi? Mtu hakimbilii kwenye meza yangu kwa ujinga. Anakimbilia kwa sababu mimi ninamkopesha.

Kijana_Lwiro

Naomba niingie kidogo kwenye hoja ya ndole. Ninaishi Lwiro, karibu na kile kituo cha utafiti kilichoanza wakati wa Wabelgiji kwa jina la IRSAC. Majani ya ndole huchemshwa na kusuguliwa, maji machungu yanamwagwa, kisha ndiyo yanapikwa. Wanakula jani lililonyang'anywa uchungu. Mteja wa Kadutu anakunywa uchungu wenyewe.

Na uchungu huo ni mkali. Mwaka 1987, kule Mahale upande wa Tanzania, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde walimwona sokwe jike mgonjwa akivunja tawi la mubirizi. Akamenya ganda, akatafuna moyo wa tawi, akafyonza maji yake, nyuzi akatema. Siku iliyofuata alikuwa amepata nguvu. Watu wanapenda sana kusimulia hadithi hii na kuishia hapo. Lakini sokwe yule aliacha majani na magome! Baadaye maabara iliona kwamba huko ndiko kuna kemikali inayoitwa vernodalini kwa wingi, na vernodalini ikizidi inaua panya. Kwa hiyo mmea mmoja kwenye maabara moja umelinda panya, na kwenye nyingine kitu kilichotoka ndani yake kimewaua. Koko wa Walungu na siku zake tatu ananipa imani kuliko sauti ya WhatsApp.

(Kama mtautafuta kwenye vitabu, wataalamu wa mimea wamezoea Vernonia amygdalina, jina jipya ni Gymnanthemum amygdalinum. Ni mti ule ule.)

Labo_Mustaafu (Nguba)

Kijana wa Lwiro amenipunguzia kazi. Mama, swali lako la pesa ni la haki na sitalizunguka. Mwenye virusi vya ukimwi anapata bure kwa sababu kuna programu za nje zinazolipia. Hepatiti B haikupata wafadhili wa kiasi hicho, ingawa Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wanaishi nayo, na watu milioni 1.1 walikufa kwa ajili yake mwaka huo huo. Jambo la kumwambia motari ni aulize daktari kama anahitaji kidonge sasa hivi. Si kila mwenye hepatiti B anaanzishiwa dawa siku ya kwanza. Wapo wanaofuatiliwa tu kwa vipimo. Lakini aliyekwisha kuanza asijiachishe mwenyewe. Aulize pia tenofoviri ya kawaida, ile inayotengenezwa na kampuni nyingi, si ile yenye jina la kampuni moja. Bei zinatofautiana kutoka farmasi hadi farmasi, na mtu aliyezoea kubishana bei ya mafuta ya moto hatashindwa kubishana hapo.

Sasa nikupe habari moja, maana usidhani hakuna aliyewahi kujaribu mmea juu ya kirusi hiki. Alijaribu mtu mzito. Mwaka 1988, huko Madras nchini India, watafiti waliwapa watu wenye hepatiti B unga wa kijimea kinachoitwa Phyllanthus amarus. Mmoja wa walioandika ripoti ile ni Baruch Blumberg, yule aliyegundua kirusi chenyewe na kupewa tuzo ya Nobel mwaka 1976. Katika watu 37 waliotumia mmea, 22 walipopimwa tena hawakuonyesha alama ya kirusi kwenye damu. Kati ya 23 waliopewa unga mtupu usio na dawa, alikuwa mmoja tu. Dunia ilishtuka, na ilikuwa na haki ya kushtuka. Kisha wengine wakarudia nchi nyingine, na matokeo yale hayakuonekana tena. Baadaye walikusanya majaribio yote pamoja na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba mmea ule unaponya.

Nakumbusha hili kwa sababu lilifanyika kwa watu, si kwa panya, na hata hivyo halikusimama. Mubirizi haujafika hata pale.

Koko amegusa jambo la unga, na mimi nataka kulikazia mpaka mama asikie vibaya. Kuna mimea inayoua ini. Baadhi ya mimea ya jamii ya marejea, na baadhi ya ile ya jamii ya Senecio, ina sumu inayoziba mishipa midogo ndani ya ini. Huko Tigray, Ethiopia, vijiji vilipata ugonjwa wa ini kwa miaka, na uchunguzi ukaonyesha sumu ya jamii hiyo kutoka kwenye magugu yaliyokuwa yanaingia katika nafaka. Wala hakuna aliyetaka kumdhuru mwenzake. Basi mchumaji mwenye haraka akijaza mfuko wako kwa jani asilolijua, wewe unauza dawa ya ini inayoua ini. Unga tayari urudishe.

Na karanga, kwa kuwa najua meza za Kadutu zinavyopakana. Karanga na mahindi yenye ukungu yana aflatoksini, sumu inayotoka kwenye ukungu huo. Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi ya namna hiyo. Kidogo kidogo kwa miaka, aflatoksini na hepatiti B zikikutana kwa mtu mmoja, kansa ya ini inamkaribia kwa kasi. Motari wako akitaka kulinda maini bila kulipa kitu, achambue karanga zake, zile nyeusi na zilizokunjamana azitupe, asiwape kuku. Na aache kanyanga, ile pombe kali.

Bagira_Damu

Muzee, kanyanga sawa. Kasiksi je?

Labo_Mustaafu (Nguba)

Kasiksi ni pombe, kaka. Kwa mwenye hepatiti B, na kasiksi.

Mama_Majani (Kadutu)

Motari alipita leo na mteja wake nyuma, hakuzima hata moto. Nikamwambia amteremshe kwanza, yule mteja akanuna lakini alingoja. Nilimweleza yote, nikamsomea pale kwenye simu mambo ya panya na ya kirusi. Alinuna na yeye. Akasema basi mubirizi hauna kazi? Nikamjibu kazi unayo, kwa tumbo, siku tatu, na sitamuuzia zaidi ya hapo. Kidonge anaendelea nacho. Amesema ataenda kuuliza bei farmasi nyingine. Unga tayari nimeukataa, mchuuzi wangu ameondoka na hasira, huenda kesho anauzia meza ya pili.

Jambo moja alinitupia akiwa anapanda moto, sikuwa na jibu: ana bibi, yaani mke, na watoto wawili, mdogo bado ananyonya. Wafanye nini?

Labo_Mustaafu (Nguba)

Wote wapimwe, kipimo cha HBsAg, kile cha kuonyesha kama mtu ana kirusi, ni tone la damu. Watoto waangaliwe na kadi zao za chanjo: ile ya pentavalenti wanayopewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ina hepatiti B ndani, iliyokosekana ikamilishwe. Bibi akikutwa hana kirusi na hana kinga, achanjwe mara tatu: leo, baada ya mwezi 1, na baada ya miezi 6 tangu ile ya kwanza. Mpaka akamilishe, watumie kondomu. Akikutwa nacho, asiache kunyonyesha. Mtoto aendelee na chanjo zake, na bibi aende kwa daktari yule yule wa mumewe. Wembe na miswaki kila mtu na yake. Sahani, vikombe na kitanda hakuna shida, asije akamtenga mtu mezani.

Na mwambie akienda achukue zile karatasi zake zote za labo, hata zilizochanika.